Mboga za Nyumbani na Umbali wa Shamba

Wanataarikhi walioshughulika na pwani yetu wamejaza majuzuu kwa habari za pembe za ndovu, dhahabu ya Sofala, nguo za Bara Hindi na karafuu za Unguja, wakawataja masultani kwa nasaba zao na vita kwa miaka yake. Ama mboga iliyoliwa pamoja na wali au ugali kila adhuhuri katika nyumba za watu hao hao, hiyo aghalabu wameipita kwa neno moja au mawili, ilhali ndiyo iliyotaka maarifa ya kila siku na mikono ya kila siku. Pembe ya ndovu yaweza kulala ghalani miaka kumi wala isipungue thamani. Jani la mchicha likikatwa alfajiri, kufikia alasiri limelegea, na kesho yake halifai ila kwa mbuzi. Kwa sababu hiyo mimi naona kuwa taarikhi ya mboga za nyumbani ni, kwa sehemu kubwa, taarikhi ya umbali uliopo baina ya udongo na chungu: jinsi umbali huo ulivyokuwa hatua chache tu, jinsi miji na reli na barafu vilivyourefusha, na jinsi wanawake wa pwani na bara walivyobadili namna ya kuchagua, kuweka na kupika kila umbali ulipobadilika.

Katika ushahidi ulioandikwa, wa kutajwa mwanzo ni ule wa Ibn Battuta, mzaliwa wa Tanja katika nchi ya Moroko, aliyefika Mogadishu mwaka 1331 na kukirimiwa na sultani. Msafiri huyu alikuwa na jicho la kutazama sinia, nasi tuna haki ya kumshukuru kwa hilo kuliko kwa mengi mengine aliyoyasema. Anasimulia wali uliopikwa kwa samli na kupakuliwa katika sahani kubwa ya mti, juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Kando yake ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Na katika chombo kingine maziwa ya mgando, pamoja na malimau yaliyohifadhiwa kwa chumvi, vishada vya pilipili vilivyolowekwa katika siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Wenyeji, asema, kila walipotia tonge la wali kinywani walilifuatisha na kipande cha vitu hivyo vikali. Msomaji asidhani kuwa pilipili hizo ni hizi tunazochuma leo uani, kwa kuwa hizi asili yake ni Amerika na hazikuvuka bahari ila baada ya safari za Kolumbo. Zile za Ibn Battuta zilikuwa za jamaa ya pilipili manga. Lakini kazi yenyewe, yaani kulikamata tunda au kishada kingali kibichi na kukitia katika chumvi na siki kisiharibike, ndiyo hii hii ambayo bibi zetu huifanya kwa maembe machanga na ndimu, wakianika juani kisha wakijaza chupa. Basi achari haikuletwa pwani na Wareno wala na wenye maduka wa karne ya 19, bali imekaa kwetu karibu miaka 700 kwa uchache.

Kutoka Mogadishu akashuka hadi Mombasa, akalala usiku mmoja, akaandika kwamba watu wa kisiwa kile hawakulima nafaka bali waliletewa kutoka mrima, na kwamba chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki. Habari hiyo ni fupi, nayo yafundisha jambo: nafaka iliweza kupakiwa chomboni na kuvushwa, lakini kilichokuwa kibichi kilipaswa kuota pale pale mtu alipoishi. Na kweli, Wareno walipoingia katika bahari yetu, walikuta mabustani ndani ya miji yenyewe. Msimuliaji mmoja aliyekuwa katika msafara wa Francisco de Almeida, ule ulioishambulia Kilwa mwaka 1505, anataja machungwa matamu, malimau, mboga, vitunguu vidogo na majani ya kunukia, vyote vikilimwa katika bustani na kumwagiliwa maji ya visima, na pamoja navyo mitambuu iliyopandishwa juu ya vijiti. Tuyatazame maji hayo ya visima. Mji wa mawe, wenye msikiti mkubwa wa kuba na biashara iliyofika Uchina, uliteka maji kwa ndoo na kuyamwaga juu ya vitunguu, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kupata kitunguu kibichi Kilwa ila kukiotesha Kilwa. Mpishi alitoka mlangoni, akachuma, akarudi. Chungu kilikuwa bado hakijachemka.

Mabaharia wenyewe walikuwa katika upande wa pili wa jambo hilo. Waliokuja na Vasco da Gama mwaka 1498 walikwisha kukaa baharini miezi mingi kwa mkate mkavu na nyama ya chumvi, fizi zikiwavimba na miguu ikiwavimba, ugonjwa ambao sasa twajua kuwa ni upungufu wa vitamini C. Na walipotia nanga tena Malindi mnamo Januari 1499, baada ya kuvuka kutoka Bara Hindi kwa taabu kubwa, wagonjwa wao walitamani machungwa kuliko kitu chochote. Wengine wao walikufa pale pale, jani na tunda bichi likiwa mbele ya macho yao, maana dawa ilichelewa. Sijui ushahidi ulio wazi zaidi wa thamani ya bustani ya mlangoni.

Pamoja na mizinga yao, Wareno walikuja na mimea, au tuseme walifungua njia ambayo kwayo mimea ya Amerika ilifika kwetu kidogo kidogo: mahindi, pilipili kali, viazi vitamu, nyanya, na muhogo, huu wa mwisho ukichelewa kuenea katika pwani ya mashariki hata karne ya 18. Waandishi wa kilimo huuhesabu muhogo kuwa ni mzizi, na kwa mzizi wake huusifu kwamba haujali ukame na kwamba waweza kungojea ardhini miezi mingi hadi siku ya njaa. Lakini mwanamke aliyeupokea mmea huu aliutazama kutoka juu, akaona majani mengi, laini, ya kijani iliyokoza, yanayopatikana hata katika kiangazi wakati mchicha umekauka na kunde zimevunwa; naye akajiuliza yafanywe nini ili yalike. Kisamvu ni jawabu lake, nami nakihesabu kuwa miongoni mwa kazi kubwa za akili zilizofanyika katika majiko yetu.

Jani la muhogo lina sumu. Ndani ya chembe zake imo dawa iitwayo linamarini, nayo inapokutana na kimeng'enya kilichomo katika jani hilo hilo, lakini kilichotengwa mahali pake, huzaa sianidi. Anayetafuna jani zima, au anayelichemsha kwa haraka bila kulivunja, huviacha vitu viwili hivyo vikutane tumboni au visikutane kwa ukamilifu chunguni. Anayelitwanga kinuni mpaka likawa laini huvikutanisha kabla ya wakati, na sumu, ambayo tabia yake ni kuwa hewa katika moto mdogo tu, hupaa kutoka kinuni na kutoka katika chungu kilichoachwa wazi. Basi tazama kanuni alizorithishwa msichana na somo yake, pasipo kutajiwa kemia yoyote: chuma majani ya juu, yale machanga ya karibu na kilele, ondoa vikonyo, osha, twanga hata usiweze kulitambua jani, tia katika maji mengi yanayochemka, usifunike, usiharakishe, maana saa moja ni kidogo, kisha ndipo utie tui, na kunde au karanga kama unazo. Kila kanuni katika hizo ina sababu yake, na haiyumkiniki kwamba zilipatikana kwa siku moja au bila madhara kwa waliotangulia. Jina la aliyezipata halikuandikwa mahali popote. Hali kadhalika ilikuwa kwa majani ya viazi vitamu, yaani matembele, ila hayo hayana shari na hayakuhitaji ustadi mkubwa: huoshwa, huchambuliwa, hunyauka chunguni kwa dakika chache na kupata tui lake.

Mji wa Unguja ulipokua katika karne ya 19, baada ya Sayyid Said bin Sultan kuhamishia huko makao yake kutoka Maskati, umbali baina ya shamba na chungu ulianza kuwa safari. Nyumba za mawe zilisongamana hata pasibaki nafasi ya bustani, na mboga ikawa haina budi kutoka mashambani usiku, ndani ya pakacha zilizosukwa kwa makuti, vichwani mwa watu na migongoni mwa punda, ili ifike mjini kabla ya jua kupanda. Si haki kuusimulia mwendo huo bila kusema ni nani waliokwenda kwa miguu. Katika mashamba mengi watumwa waliachiwa siku mbili katika juma, Alhamisi na Ijumaa, wajilimie vipande vyao. Na muhogo na mboga walizopata katika vipande hivyo, kile kilichozidi chakula chao, kiliuzwa mjini. Kwa hiyo kitoweo cha matajiri, na cha Mabaniani ambao dini yao iliwakataza nyama na kwa ajili hiyo walitaka bamia, biringanya, kunde na giligilani kila siku iliyotoka kwa Mungu, kwa sehemu fulani kilitoka katika mikono ya watu ambao hawakuwa na ruhusa ya nafsi zao hata amri ya mwaka 1897 ilipofuta hali ya utumwa kisheria. Mtaa wa Sokomuhogo ndani ya Mji Mkongwe wahifadhi kumbukumbu ya biashara hiyo. Mnamo 1904, katika utawala wa Sayyid Ali bin Hamud, lilijengwa soko la Darajani, pale ambapo daraja lilivuka hori lililoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo; mahali pake palichaguliwa vyema, kwa kuwa ndipo njia ya mashamba ilipoingia mjini.

Soko ndilo lililozaa elimu ya kuchagua, maana aliyechuma mwenyewe hana haja ya kuchunguza. Mnunuzi wa Darajani, na wa Marikiti ya Mombasa kadhalika, alimkuta muuzaji ameyamwagia maji mafungu yake ya mchicha yakang'aa kwa umande wa bandia. Kwa hiyo hakutazama jani bali aliligeuza fungu na kutazama kikato cha shina, kwani kikato kilichokauka na kugeuka rangi ya hudhurungi kinasema saa ambayo muuzaji hataki kuisema. Shina la mchicha lapaswa kuvunjika bila nyuzi, na uliokwisha kutoa maua mtu huuacha. Bamia huvunjwa ncha kwa kidole gumba: ikikatika ni changa, ikipinda imekomaa na itakuwa kamba mdomoni. Mumunye hubonyezwa kwa ukucha, nao ukucha ukikataa kuingia basi ganda limeanza kuwa la kutengenezea kibuyu. Biringanya hupimwa mkononi, liwe zito kwa kimo chake, ngozi yake ing'ae bila makunyanzi, na kikonyo chake kiwe bado kibichi. Wauzaji waliochukia kubonyezewa mali zao walikuwapo zamani kama walivyo sasa, na adabu ya soko ilikuwa kuomba kwanza.

Kilichonunuliwa asubuhi kilipikwa asubuhi. Huo ndio uliokuwa mwenendo wa nyumba nyingi, na kuweka kulikuwa kwa saa chache tu. Mafungu ya majani yalisimamishwa katika bakuli lenye maji kidogo, au yakafungwa kwa jani la mgomba na kulazwa chini ya mtungi, mahali penye ubaridi, kwa kuwa mtungi wa udongo hutoa jasho, na jasho hilo likikauka huondoa joto. Vitunguu vilining'inizwa darini, moshi wa jiko ukivifikia. Muhogo haukuchimbwa ila siku ya kupikwa, maana mzizi ulioutoa ardhini huanza kuoza ndani ya siku mbili; aliyelazimika kuuweka aliufukia tena katika mchanga wenye unyevu.

Upishi nao ulifuata mantiki ya ubichi. Mchicha wa nazi, ambao wengi huudhania kuwa ni kazi nyepesi, una nidhamu yake: nazi hukunwa juu ya mbuzi, hukamuliwa tui la kwanza lililo zito likawekwa kando, kisha machicha yakatiwa maji na kukamuliwa tui la pili lililo jepesi, mboga, iliyooshwa kabla ya kukatwa wala si baada yake ili utamu wake usiende na maji, huiva ndani ya tui jepesi pamoja na kitunguu, na tui zito huingia mwishoni, mwiko ukizunguka bila kusimama, lisije likakatika. Mafuta ya nazi hayakutiwa kwa ladha peke yake. Kile kilichomo katika majani ya kijani ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A hakipokelewi vizuri tumboni pasipo mafuta. Kwa hiyo tui lilifanya kazi ambayo mpishi aliiona tu katika macho na ngozi za watoto wake.

Huko bara, ambako mvua ni ya msimu mmoja na miezi sita au saba hupita bila jani bichi, umbali wa kushindwa ulikuwa wa wakati, si wa njia. Wagogo walikausha mlenda na kuutwanga ukawa unga, ambao kiganja kimoja chake, na magadi kidogo, humrudishia mtu mboga katikati ya kiangazi. Wasukuma walichemsha majani ya kunde kwa muda mfupi, wakayaanika, wakapata nsansa ya kuweka vihengeni. Jua kali huondoa sehemu ya vitamini, na magadi huondoa nyingine, ijapokuwa hulainisha jani na kulihifadhia rangi. Ndiyo maana wenye maarifa walianika kivulini walipoweza na kutia magadi kwa ncha za vidole. Maarifa haya yalidharauliwa na wengi kama chakula cha shida. Lakini Vita Kuu ya Pili ilipowalazimu Waingereza kulisha majeshi yaliyokuwa mbali na mashamba, serikali ya kikoloni ya Kenya ilianzisha kiwanda Karatina, chini ya Mlima Kenya, cha kukausha mboga zilizolimwa na wakulima wa Kikuyu. Jambo lile lile, kwa mitambo. Vita ikaisha, kiwanda kikafungwa, na wakulima waliokuwa wamejenga maisha yao juu ya biashara hiyo na kutaka iendelee hawakusikilizwa, nayo ikawa moja katika manung'uniko yaliyoongezeka katika nchi ile miaka iliyofuata.

Reli ndiyo iliyougeuza kabisa uhusiano wa mji na mboga zake. Wajerumani walikuwa wamefungua shamba la majaribio la Kwai, katika milima ya Usambara, katika miaka ya 1890, wakijaribu viazi na mboga za Ulaya katika baridi ya mahali pale. Reli kutoka Tanga ilipofika Mombo, chini ya mlima, mwaka 1905, kabichi na karoti za Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, ziliweza kuteremka hadi bandarini. Upande wa Kenya reli iliyofika Nairobi mwaka 1899 ilifanya vivyo hivyo kwa Mombasa. Ni rahisi kuona kwa nini kabichi ilishinda: hukaa wiki nzima bila kulegea, husafiri kwenye gunia, haimwambii mnunuzi saa iliyokatwa. Hizo ni sifa za msafiri mzuri, si sifa za chakula bora, na nasikitika kuona nyumba ambazo jani la kabichi jeupe limechukua mahali pa mchicha, mnavu na majani ya kunde, yenye madini na vitamini kulizidi mara nyingi.

Zama hizo za Wajerumani zilituachia pia mboga ambayo hakuna aliyeikusudia. Walowezi wa sehemu za Tanga walipanda kwa wingi mpira wa Ceara, mti wa Brazili ulio ndugu wa muhogo, wakitumaini utajiri. Bei ya mpira ikaanguka mwaka 1913, mashamba yakatelekezwa, na miti ikabaki. Wanawake wakayatambua majani yake kwa undugu huo, wakayatia kinuni. Hadi leo wako wanaokipenda kisamvu cha mpira kuliko cha muhogo, na katika viwanja vya nyumba mti huo hupandwa kwa ajili ya majani tu, hali mali aliyoitafuta mlowezi haikumbukwi na anayeyachuma.

Sasa mboga husafiri usiku kwa malori hadi Kariakoo ya Dar es Salaam, ambako jengo la soko lililosanifiwa na Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, na hadi Kongowea ya Mombasa. Nyumbani huingia katika jokofu, ambalo wengi hulitumia bila kuuliza mboga yenyewe yataka nini. Mchicha hupenda baridi, mradi uwekwe mkavu na kufungwa, kwani ukioshwa kwanza huoza; bamia, biringanya, tango na nyanya, mimea ya joto yote, huumia kwa baridi kali, ngozi zikapata madoa na nyanya ikapoteza ladha, na afadhali zikae kikapuni mahali pa kivuli. Ama kisamvu, ambacho kwa mamia ya miaka hakikuweza kuvuka siku moja, kimevuka bahari: hutwangwa kwa mashine, hugandishwa katika mifuko, na katika mtaa wa Matonge mjini Brussels Wakongo hukinunua kwa jina la pondu au sombe, na wenye asili ya Afrika ya Mashariki hukipata katika maduka ya London. Mashine imemwondolea mpishi mchi, haikumwondolea chungu. Barafu haiondoi sumu iliyobaki katika jani, na mifuko mingi ni ya majani mabichi yaliyotwangwa tu. Kwa hiyo anayekifungua huko ugenini hana budi kukichemsha kwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi, dirisha likiwa wazi, kabla hajatia tui la kopo.